Nani Anakula, Nani Analisha? Uhakiki wa Lugha ya Kuzuia Rushwa katika Mikataba ya Biashara ya Kimataifa

Ikisiri

Kiswahili kina msamiati mpana wa kuitaja rushwa inayotolewa dirishani na barabarani: chai, soda, kitu kidogo, kadhongo. Hakina msamiati wa kiasi hicho kwa rushwa inayosafiri ndani ya mkataba baina ya kampuni ya nchi moja na serikali ya nchi nyingine. Makala haya yanahakiki lugha ya mashauri matatu yaliyoamuliwa Uingereza na yanayozihusu Tanzania na Kenya, yaani ununuzi wa rada, uchapaji wa karatasi za kura na vyeti vya mitihani, na mkopo wa serikali wa mwaka 2013. Hoja yake ni kwamba sitiari ya kula humweka mpokeaji mbele ya macho na kumwacha mtoaji kivulini, na kwamba istilahi za sheria zinazotafsiriwa sasa zinaelekea kuurithi upungufu huo.

Maneno muhimu: rushwa, hongo, sitiari, tafsiri ya sheria, mikataba ya kimataifa

Utangulizi

Katika kumbi za makongamano, warsha na semina za Afrika Mashariki, mjadala wa rushwa huanza na kumalizikia kwa mtumishi wa umma. Huyo ndiye anayeonywa kwa mabango, anayechorwa kwenye vibonzo akiwa na kitambi, na anayetungiwa tamthilia. Hata pale ambapo fedha yenyewe imetoka nje ya mipaka, jicho la mwandishi hubaki kwenye meza ya karani. Mfano mzuri ni *Hawala ya Fedha*, tamthilia ya Amandina Lihamba iliyochapishwa mwaka 1980 kutokana na kazi ya Sembène Ousmane: hawala ipo, mwenye haki nayo anajulikana, lakini kati yake na fedha zake umesimama msururu wa watu wanaotaka chao. Tamthilia hiyo haina kosa kwa kuchagua uwanja huo. Tatizo ni kwamba uwanja huo umekuwa karibu ndio pekee.

Biashara ya kimataifa haina dirisha la namna hiyo. Rushwa yake huandikwa, hupigwa muhuri na kulipiwa kodi. Huitwa ada, kamisheni, gharama za ushauri. Mlipaji wake anaweza kuwa kampuni yenye makao umbali wa maelfu ya kilomita, na mlipwaji wake anaweza kuwa kampuni iliyosajiliwa kihalali jijini Dar es Salaam au Nairobi. Anayetaka kuizuia kwa lugha ya chai na kitu kidogo anafanana na mvuvi anayekwenda bahari kuu na wavu wa dagaa.

Jambo hili lina uzito wa kisera kwa sasa kuliko lilivyokuwa miaka 20 iliyopita. Mwaka 2019 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi. Istilahi zinazochaguliwa katika miaka hii hazitabaki kwenye kamusi tu. Zitakuwa vifungu vya sheria, na vifungu humfunga au kumwachia mtu.

Hongo ilipokuwa ushuru wa njia

Inafaa kuanza na neno hongo, kwa kuwa historia yake ni ya biashara ya masafa marefu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kupita Ugogo, nchi kavu ambayo visima vyake vilikuwa mikononi mwa watemi. Ili kupita na kunywa maji, msafara ulitoa hongo: vitambaa, shanga, nyaya. Kiasi kilijadiliwa, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Mpokeaji alijulikana, mtoaji alijulikana, na wapagazi wote walijua kilichotolewa. Ilikuwa karibu na ushuru kuliko na kile ambacho leo sheria inakiita rushwa.

Wasafiri wa Kizungu waliopita njia hiyo, Richard Burton mwaka 1857 na Henry Morton Stanley mwaka 1871, waliandika kuhusu hongo kwa manung'uniko makubwa. Katika maandishi yao mtoaji ni mhanga, na mpokeaji ni mnyang'anyi. Kwamba msafara wenyewe ulikuwa unapita nchi ya watu, unakunywa maji ya watu na kwenda kutafuta faida, ni jambo lisilopewa nafasi kubwa. Haihitaji juhudi kuisikia sauti hiyo hiyo katika utetezi wa kampuni za leo zinazosema kwamba huko biashara ndivyo inavyofanywa.

Etimolojia peke yake si ushahidi wa jambo lolote, na hakuna haja ya kuipamba hongo ya zamani. Watemi nao walijua kubana. Hata hivyo, safari ya neno hilo kutoka ushuru wa wazi hadi malipo ya siri inaonyesha kuwa Kiswahili hapo awali kililitazama tendo hili kutoka pande zote mbili. Methali zinathibitisha. "Penye udhia penyeza rupia" ni nasaha kwa mtoaji. Mpokeaji hata hatajwi, na chombo cha tendo ni sarafu iliyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Kitenzi chenyewe, penyeza, kinaeleza namna: kitu kinapitishwa kwenye upenyo. "Mkono mtupu haulambwi" nayo inamsemesha mwenye mkono, si mwenye ulimi. Baadaye, ahadi za mwanachama wa TANU zilitaja kutopokea na kutotoa kwa pamoja, ndani ya sentensi moja.

Mizani hiyo imepotea katika matumizi ya leo. Kitenzi kilichotawala ni kula: kula rushwa, mla rushwa, ulaji, ameula, wametafuna nchi. Wakosaji nao wamepangwa kwa daraja za viumbe wa baharini, mapapa na dagaa. Kisarufi, kula huhitaji mlaji na kiliwacho; hakihitaji mpishi wala aliyeandaa meza. Mtoaji anapotajwa hupewa kitenzi kingine kabisa, kutoa, ambacho ndicho kitenzi cha sadaka, zaka na ukarimu. Msemaji wa Kiswahili amelelewa akiambiwa kuwa kutoa ni moyo. Kwa hiyo lugha inampa mpokeaji kitenzi cha ulafi na mtoaji kitenzi cha wema, hata kabla hakimu hajasikiliza shauri.

Siasa za Tanzania zilishalipitia jambo hili. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa desturi, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Neno takrima lilibeba heshima ya mwenyeji kwa mgeni, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa. Mahakama haikuhitaji kubadili kamusi. Ilitazama nani ananufaika na ukarimu huo.

Rada na chenji yake

Shauri la rada linajulikana, kwa hiyo hapa litatazamwa kwa upande wa maneno tu. Mwaka 1999 Tanzania ilitia saini mkataba wa kununua mtambo wa rada kutoka kwa kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa bei iliyokaribia dola milioni 40 za Marekani. Ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe ununuzi huo ulizua mzozo. Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliupinga hadharani. Baadaye ilibainika kuwa kiasi cha dola milioni 12.4 kililipwa kwa kampuni zilizodhibitiwa na wakala wa mauzo aliyekuwa Tanzania. Takribani theluthi moja ya bei.

Katika vitabu vya hesabu malipo hayo yaliandikwa kuwa ni ya huduma za kitaalamu. Na ni maneno hayo, si rushwa, yaliyoifikisha kampuni mahakamani. Mnamo Desemba 2010, katika Mahakama ya Southwark jijini London, kampuni ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu kwa usahihi na kutozwa faini ya pauni 500,000. Jaji alieleza waziwazi kwamba ingekuwa ni kujidanganya mno kuamini kuwa wakala huyo alikuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri. Lakini hati ya mashtaka haikuwa na kosa la rushwa, na jaji hakuwa na uwezo wa kuhukumu kosa ambalo halikuletwa mbele yake.

Chini ya makubaliano hayo kampuni ililipa pia pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania. Kisheria malipo hayo yalikuwa ya hisani, yaani yametolewa bila kukiri wajibu. Fedha zilinunua vitabu na madawati. Nchini Tanzania zikapata jina ambalo lilienea magazetini, bungeni na vijiweni: chenji ya rada.

Jina hilo linastahili uhakiki kuliko lilivyowahi kupata. Chenji ni fedha anayorudishiwa mnunuzi aliyetoa noti kubwa kuliko bei. Muuzaji anayerudisha chenji ni mwaminifu. Mteja husema asante na kuondoka. Ndani ya neno hilo bei yenyewe haina shida, kilichozidi kilizidi kwa bahati, na duka bado ni la kuendewa kesho. Inawezekana waliolibuni walikuwa na kejeli, na kejeli ya Waswahili mara nyingi ni kali kuliko hotuba. Lakini kejeli hufa kwa kutumiwa sana. Taarifa za ugawaji wa vitabu zilipoanza kusomwa, chenji ya rada ilikuwa imekuwa jina la kawaida la fungu la fedha, kama ruzuku au mkopo. Hisani kwa Kiingereza, chenji kwa Kiswahili: lugha mbili zilikubaliana kumwondolea mtoaji lawama.

Ulinganisho na neno jingine la kipindi hicho unasaidia. Mwaka 2008 mwanasiasa mmoja aliziita vijisenti fedha zilizokuwa katika akaunti yake nje ya nchi, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa sababu ya rada. Neno hilo liligeuka mara moja kuwa silaha ya umma dhidi ya viongozi. Miaka zaidi ya 15 baadaye bado linachoma. Hakuna neno la Kiswahili la namna hiyo lililobuniwa kwa ajili ya muuzaji.

Kuku wa mgeni

Shauri la pili linatoka Kenya. Smith and Ouzman ilikuwa kampuni ya uchapaji ya mji wa Eastbourne, Uingereza, iliyochapa karatasi za kura na vyeti vya mitihani. Mnamo Desemba 2014 kampuni hiyo na wakurugenzi wake wawili walipatikana na hatia ya kutoa malipo ya rushwa kwa maofisa wa Kenya na Mauritania. Mmoja wao alifungwa miaka 3, na mwaka 2016 kampuni iliamriwa kulipa pauni milioni 2.2. Katika barua pepe zilizotolewa kama ushahidi, malipo hayo yaliitwa kuku. Magazeti ya Kenya yalilidaka neno hilo na kuifanya kashfa ya kuku.

Wapo wanaoichukua sitiari ya chakula kama urithi wa utamaduni wa Kiafrika, na kuieleza rushwa kwa njia hiyo. Barua hizo zinaivuruga nadharia hiyo. Kuku aliandikwa kwa Kiingereza, akafanyiwa hesabu na wachapaji wa Eastbourne, na alitumika kwa sababu ni neno lisilomshtua mkaguzi. Sitiari ya kula ilikuwa msimbo wa pande zote mbili, na iliwafaa zaidi waliokuwa na vitabu vya hesabu vya kuficha.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili hataliacha lipite. Katika nyumba nyingi za pwani na bara, kuku huchinjwa na mwenyeji kwa ajili ya mgeni. Hapa mgeni ndiye aliyemleta kuku, na gharama yake ikaongezwa kwenye bei ya kazi, kwa hiyo ikalipwa na mwenyeji ambaye hakualikwa mezani, yaani mlipakodi wa Kenya. Sehemu ya fedha zilizorejeshwa ilinunulia Kenya magari ya wagonjwa. Tena vitu vinavyoonekana, tena mkono unaotoa.

Asilimia 1

Shauri la tatu ndilo lenye mafunzo zaidi kwa suala la kuzuia, na ndilo lililojadiliwa kidogo zaidi kwa Kiswahili. Katika miaka ya 2012 na 2013 Tanzania ilitafuta mkopo wa dola milioni 600 katika soko la kimataifa kupitia Standard Bank ya London na benki ndugu yake nchini, Stanbic Tanzania. Awali ada iliyozungumzwa ilikuwa asilimia 1.4 ya fedha zitakazopatikana. Ilipofika mwisho ilikuwa asilimia 2.4. Asilimia 1 iliyoongezeka, sawa na dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni ya ndani iliyoitwa EGMA. Mmoja wa wenye hisa na wakurugenzi wake alikuwa kamishna mkuu wa mamlaka ya mapato wakati huo. Kwa mujibu wa maelezo yaliyokubaliwa mahakamani, hapakuwa na ushahidi kwamba kampuni hiyo ilifanya kazi yoyote iliyostahili malipo hayo.

Fedha zilipoingia katika akaunti ya EGMA, sehemu kubwa zaidi ilitolewa taslimu ndani ya siku chache. Waliolitilia jambo hilo shaka walikuwa wafanyakazi wa Stanbic Tanzania. Taarifa yao ilipanda hadi makao ya kundi la benki Johannesburg, na baada ya wiki chache mamlaka za Uingereza zikaarifiwa na benki yenyewe. Tarehe 30 Novemba 2015 jaji Sir Brian Leveson aliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Benki ilikubali kulipa dola milioni 25.2 kama faini na faida iliyorejeshwa, na ilipe Tanzania fidia ya dola milioni 6 pamoja na riba.

Yapo mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni kosa lenyewe. Standard Bank haikushtakiwa kwa kutoa rushwa. Haikudaiwa hata kwamba wafanyakazi wake wa London walijua. Ilishtakiwa chini ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010, kinachoifanya kampuni iwajibike pale mtu anayehusiana nayo anapotoa rushwa kwa faida yake na yenyewe haikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. London iliwaachia wenzao wa Dar es Salaam kazi ya kuchunguza EGMA ni nani. Taratibu zake hazikusema wazi nani aulize nini pale ambapo benki mbili za kundi moja zinashirikiana. Swali rahisi kabisa, mwenye kampuni hii ni nani na amefanya nini hata alipwe dola milioni 6, halikuulizwa na aliyekuwa na wajibu wa kuliuliza.

La pili ni lugha. Kwenye mkataba rushwa ilikuwa "asilimia 1". Nambari haina harufu. Wanasheria waliisoma, wakaipitisha. Kwenye kaunta ya benki rushwa hiyo hiyo ilikuwa mafungu ya noti yanayobebwa, na karani aliona kisicho cha kawaida. Inaweza kusemwa, na itasemwa na wachumi, kwamba hiki ndicho kithibitisho kuwa maneno hayakamati wezi. Kinachokamata ni ushahidi. Ni kweli. Lakini ushahidi ulionekana pale tu fedha iliporudi kuwa kitu kinachotajika. Ilipokuwa ndani ya mkataba, haikuwa na jina lililomfanya yeyote ainue kichwa.

Kuzuia: kitenzi kisicho na mtendaji sahihi

Taasisi za eneo hili zinajitambulisha kwa kitenzi kuzuia: Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi kwa Zanzibar. Mtendaji wa kuzuia ni dola. Mwananchi hutoa taarifa, dola huzuia. Kwa rushwa ya barabarani mpangilio huo unatosha. Kwa rushwa ya mikataba hautoshi, kwa sababu mtu wa kwanza mwenye uwezo wa kuizuia ni kampuni inayolipa. Yeye ndiye anayemchagua wakala, anayekubali asilimia, anayeandika maelezo ya malipo.

Kenya imeshaliingiza wazo hilo katika sheria yake. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inazitaka taasisi za umma na za binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa na aina ya shughuli zao, na inaifanya kampuni iwe na kosa isipozuia. Sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Tafsiri ya kosa hilo kwa Kiswahili inayosikika mara nyingi ni "kushindwa kuzuia". Tafsiri hiyo ina dosari kubwa. Aliyeshindwa alijaribu, nguvu zake ziliishia njiani, desturi inataka apewe pole. Kifungu hakimhusu mtu wa namna hiyo. Kinamhusu aliyeacha, ambaye hakujenga ua kisha akashangaa kuona mbuzi shambani. "Kutozuia" kunalibeba kosa kwa usahihi, na "kuacha kuzuia" kunalibeba kwa ukali zaidi. Tofauti ya silabi chache inaweza kuonekana ndogo mezani kwa mtafsiri. Mbele ya mahakama, wakili wa kampuni atasimama juu ya kitenzi kushindwa na kujenga utetezi mzima.

Dosari ya aina hiyo imo katika "malipo ya kuwezesha", jina linalopewa fedha ndogo anazolipwa mtumishi ili afanye upesi kazi ambayo tayari ni wajibu wake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu rushwa nje ya nchi huyaacha nje ya kosa. Sheria ya Uingereza ya 2010 haiyaachi. Katika Kiswahili cha maendeleo, kuwezesha ni neno lililotakaswa: uwezeshaji wa wanawake, uwezeshaji wa vijana, mwezeshaji wa semina. Kulipa hongo bandarini jina hilo ni kuivika joho. "Malipo ya kuharakisha" yanaeleza kilichonunuliwa, bila baraka.

Istilahi "mmiliki manufaa", inayotumiwa na wakala wa usajili wa kampuni Tanzania kumtaja mtu halisi aliye nyuma ya kampuni, inahitaji huruma zaidi. Wazo lake ni zuri, na laiti lingetumika mwaka 2012 jina la EGMA lisingepita kirahisi. Lakini nomino mbili zimewekwa bega kwa bega bila kiunganishi, na msomaji wa kawaida hajui kama manufaa yanamilikiwa au yanamiliki. "Mnufaika halisi" inajibu swali ambalo karani atauliza. Neno dalali nalo limetupwa mapema mno. Dalali wa sokoni hujulikana kwa pande zote mbili, na kamisheni yake hutajwa kabla ya mauzo. "Mshauri mwelekezi", aliyechukua nafasi yake katika zabuni kubwa, hana sharti hilo la uwazi, ila ana kadi nzuri ya biashara.

Itakuwa kosa kuielewa hoja hii kama kumtetea mpokeaji. Kamishna aliyekuwa na hisa katika EGMA hakulazimishwa na sarufi. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi na kinatekelezeka: kwamba kamati za tafsiri za sheria zikague kila istilahi kwa kuuliza inamficha nani, na kwamba miongozo ya ununuzi wa umma iandike wazi kitenzi na mtendaji. "Kampuni itamtaja kila wakala, itataja kazi aliyoifanya na kiasi alicholipwa" ni sentensi ya Kiswahili isiyo na mahali pa kujificha. "Taratibu za uwazi zitazingatiwa" ni sentensi yenye vyumba vingi.

Watoaji wapya

Hadi hapa mtoaji amekuwa mgeni kutoka Ulaya. Picha hiyo inazeeka. Benki za Kenya na Tanzania zina kampuni tanzu Bujumbura na Lubumbashi, na za Kenya ziko Kigali na Kampala pia. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa imeshaweka kosa la kumhonga ofisa wa serikali ya kigeni, yaani imemtambua Mtanzania kama mtoaji anayeweza kuvuka mpaka. Kifungu hicho hakina maisha katika mazungumzo ya umma. Hakina bango, hakina kibonzo, hakina methali mpya.

Wakati huo huo nchi zilizokuwa zikiwashtaki watoaji wake hazina uhakika wa kuendelea. Mnamo Februari 2025 rais wa Marekani alisimamisha kwa siku 180 uanzishaji wa mashauri mapya chini ya sheria ya mwaka 1977, na mwongozo uliotolewa Juni mwaka huo ukapunguza aina ya mashauri yatakayofuatwa. Mashauri yote matatu yaliyohakikiwa hapa yaliamuliwa Uingereza. Iwapo London nayo ingelegea, ni mahakama za eneo hili zitakazobaki na swali la aliyelipa, na zitalisikiliza kwa lugha zilizonazo.

Meneja wa tawi anayetumwa Lubumbashi leo atakabidhiwa mwongozo wa maadili wa kampuni, na ikiwa kampuni inajali, mwongozo huo utakuwa na nakala ya Kiswahili. Atafika mahali ambapo bakshishi huitwa matabishi, na ambapo wasemaji wa Kilingala wamewazoesha watu kuomba fedha ya maharage ya watoto. Kwenye ukurasa wa zawadi na ukarimu atakuta, kwa uwezekano mkubwa, aya ndefu inayomkataza kupokea. Aya inayomkataza kutoa, na kumtaka aandike jina la kila aliyelipwa kwa niaba ya kampuni, bado haijapata Kiswahili chake.